Shomoro Kumi kwa Shamba la Mama

Maneno yalitokea kwenye mashine ya kusaga, pale wanawake wanaposimama foleni na ndoo zao bila kazi nyingine ila kusikilizana. Aliyeyaanza hakujulikana. Yalisema kwamba mtu aliyemuuzia Enoka zile sarafu ni mmoja wa waliobeba jeneza lake.

Mama Roda aliyasikia akiwa wa tatu kwenye foleni. Hakusaga. Alirudi nyumbani na mahindi yake yale yale, akayaweka mlangoni, akampigia simu binti yake aliyekuwa Tunduma. Alimsomea maneno hayo kama yalivyo, hakuongeza la kwake, akakata simu. Kesho yake alinunua lita tano za petroli. Mama Roda hana pikipiki wala jenereta.

Binti yake ni Sajenti Yunisi, mpelelezi wa miaka kumi na mitatu, na Enoka alikuwa mdogo wake wa pekee. Jalada la kifo hicho hakupewa. Mkuu wake alimwambia ndugu hapelelezi habari za ndugu, jalada likaenda kwa Koplo Gwamaka, na Yunisi akapewa likizo ya msiba. Zilikuwa zimebaki siku sita za likizo. Aliziona zinamtosha.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Enoka aliuza shamba la kahawa la mama yake huko Mbozi, shamba ambalo mama huyo alilipalilia kwa mikono yake tangu ujana. Hela zote alimpa mtu ambaye hakumtaja hata kwa mke wake. Akapewa soksi ya mtoto yenye sarafu kumi na moja za shaba zenye kutu ya kijani. Aliambiwa ni hela za Warumi, kwamba ndizo dinari zenyewe, na kwamba Wazungu wanazinunua kwa bei ya ghorofa. Baada ya wiki tatu alivuka mpaka akazipeleka Nakonde kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Mnunuzi alizimwaga mezani, akazitazama, akacheka. Enoka alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya duka, na hapo hakuinuka tena. Daktari aliandika moyo. Mama Roda alisema moyo haujisimamishi wenyewe.

Jeneza lilibebwa na watu sita. Wanne walikuwa wajomba na binamu wa pale pale kijijini, wakulima ambao mwaka ule hawakuvuka hata Vwawa. Yunisi aliwafuta. Wakabaki wawili. Wa kwanza ni Deus, mfanyabiashara wa vitenge wa Tunduma, ambaye ndiye aliyekuwa na Enoka siku ile Nakonde. Wa pili ni Ambakisye, mnunuzi wa dhahabu wa Saza, mzee wa kanisa, rafiki wa Enoka wa miaka mingi. Yeye alibeba upande wa kichwa, na alilia kuliko wajomba.

Kijiji kilikuwa kimeshamchagua Deus. Hata petroli ilinunuliwa kwa jina lake.

Deus alikuwa amekimbilia kwa dada yake, na Yunisi alimkuta amejifungia chumbani siku ya nne. Duka alilifunga baada ya kijana mmoja kupita akimwonyesha kiberiti. Alikuwa amekonda na hakunyoa ndevu. Alimwapia Yunisi kwa watoto wake kwamba hajui sarafu zilikotoka. Alisema Enoka alimfuata kwa sababu yeye ana ndugu upande wa Zambia na anawajua wanunuzi.

"Afande sister, mimi nilimpeleka kwa mnunuzi," alisema. "Kwa muuzaji alikwenda mwenyewe."

"Mnunuzi aliuliza nini?"

"Uzito. Kabla hajazimwaga. Na Enoka alijibu hapo hapo, kwa majivuno kabisa, akimwita mukwai kama Wazambia wanavyoitana kwa heshima. Gramu kumi na mbili kila moja, mukwai, ukitoa moja tu, hakuna inayozidi wala kupungua."

"Enoka alikuwa na mizani?"

"Enoka alikuwa hana hata saa."

Yunisi aliandika hilo na kulipigia mstari. Mizani ya dukani haisomi gramu moja moja. Inayosoma hivyo ni ile ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, ambayo hata ukiipulizia inasoma pumzi yako. Akamuuliza Deus kama aliwahi kuwa nayo. Deus alikubali kwamba miaka ya nyuma alinunua dhahabu Saza na mizani alikuwa nayo, lakini aliiuza.

"Uliiuza kwa nani?"

"Mkongo mmoja."

"Mkongo huyo ana jina?"

Deus alikuna kidevu. Jina hakulikumbuka. Yunisi aliandika: Mkongo hana jina. Akafunga daftari na kumwambia Deus kwamba Jumamosi wanaanua tanga, naye ni lazima aje.

"Nikija wananichoma."

"Usipokuja watakufuata huku huku wakuchome. Chagua unakopendelea."

Jioni hiyo aliomba soksi kwa Gwamaka kwa saa mbili, Gwamaka akiwa amekaa pembeni ili mtu asije akasema kielelezo kilitoka mkononi mwake. Alizipanga sarafu juu ya gazeti. Zote zilikuwa na vichwa viwili vinavyotazamana, mfalme na mkewe. Nyuma alisimama mwanamke mwenye pembe iliyojaa matunda, na pembeni yake herufi moja. Tano zilikuwa na E. Tatu zilikuwa na alama kama pembetatu. Tatu zilikuwa na alama kama kona ya nyumba. Mke wa Enoka alisema marehemu alipoiona ile E alifurahi kama mtoto, akasema Mungu amemwandikia jina lake.

Picha zilitumwa kwa Daktari Loisi, mwanamke anayefundisha historia ya kale chuoni Dar es Salaam, ambaye Yunisi alimpata kupitia mwanafunzi wake wa zamani. Daktari Loisi alipiga simu baada ya robo saa. Hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Alisema kwanza, hizo siyo dinari. Dinari ni ya fedha, ilitoka Roma kwenyewe. Hizi ni chenji za miji ya mbali, huko Bahari Nyeusi, miji iliyotawaliwa na Roma lakini ikaachiwa itengeneze hela zake ndogo za shaba. Kujua sarafu ya namna hiyo ilikuwa na thamani gani ni kazi ngumu, maana miji mingi haikuandika thamani. Mtu anatazama madini, anapima upana, anapima uzito, halafu anailinganisha na ndugu zake. Lakini miji michache iliweka herufi, na herufi za Kigiriki zilikuwa pia ni namba. E ni tano. Pembetatu ni nne. Kona ni tatu.

"Tano ya nini?" Yunisi aliuliza.

"Asaria. Kanisani mnaisikia kwa jina la senti. Ile hela ndogo ya kununulia shomoro wawili."

Yunisi alihesabu kwa vidole. Kwa hiyo yenye E ni shomoro kumi.

"Shomoro kumi," Daktari Loisi alisema. "Sasa chukua rula. Ya tano inatakiwa iwe kubwa, ya nne ndogo kidogo, ya tatu ndogo zaidi. Na uzito hivyo hivyo."

Yunisi alipima. Zote kumi na moja zilikuwa na upana mmoja, milimita ishirini na saba. Akamsimulia habari ya gramu kumi na mbili.

"Hela hizo zilipigwa kwa nyundo, moja moja, na watu waliochoka," alisema daktari. "Hata mbili za thamani moja hazilingani kwa pointi. Mkiona zimelingana, muulizeni aliyezipima, maana yeye ndiye aliyezilinganisha. Tazama kingo zake."

Fundi saa wa mtaa ule alimwazima lenzi. Kingo za sarafu kumi zilikuwa zimepitishwa tupa, na juu yake kutu ya dawa. Kila palipopita tupa palikuwa na mistari myembamba iliyokaa pamoja, na katikati yake mstari mmoja mtupu, kama pengo la jino mdomoni. Pengo hilo lilikuwa pale pale kwenye zote kumi. Ya kumi na moja, yenye E, haikuguswa na tupa. Kingo zake zilikuwa zimepasuka kidogo. Daktari Loisi alisema hiyo msiipoteze, hiyo ndiyo mama yao. Mtu aliifanyia kalibu ya udongo akamwaga shaba, akabadilisha herufi ili zionekane za aina nyingi, na hakujua kwamba herufi ikibadilika na mwili unabadilika.

Yunisi alirudisha soksi kwa Gwamaka, wakakubaliana mambo ya Jumamosi. Kisha akampigia Ambakisye. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba familia inagombana, wengine wanasema sarafu ziuzwe, wengine zitupwe, na hakuna wanayemwamini kupima isipokuwa yeye. Ambakisye alijibu kwamba kwa ajili ya Enoka atakuja hata kwa miguu.

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja wa Mama Roda ulijaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake kwenye mikeka, masufuria yakichemka nyuma ya nyumba. Nyuma huko huko, kando ya mashine ya kumenyea kahawa ambayo haikuwa tena na kahawa ya kumenya, lilikaa dumu. Deus alikaa mwisho wa benchi. Benchi zima upande wake lilikuwa tupu. Gwamaka alikuja na suti ya msibani, watu wakamdhania ni mwalimu.

Ambakisye alifika na sanduku la mbao. Alimshika Mama Roda mkono kwa mikono miwili akampa pole upya. Huko Saza wanamwita Mzee Pointi, na sababu yake kila mtu anaijua. Wanunuzi wengine wa dhahabu, uzito ukizidi kidogo juu ya pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu, wanakula kile kidogo. Ambakisye hakili. Anachukua tupa, anakisugua kile kilichozidi mpaka mizani isimame kwenye namba kamili, unga anaukunja kwenye karatasi, anakurudishia. Wachimbaji wanasema hakuna mtu wa haki kama yeye. Wanamletea dhahabu hata kutoka Chunya.

Aliweka mizani juu ya kigoda, akaifuta kwa kitambaa, akaomba watu wasipite karibu wasije wakaleta upepo. Yunisi alimpa sarafu moja moja, akimtajia alama. Gwamaka aliandika.

"E."

"Kumi na mbili kamili."

"Pembetatu."

"Kumi na mbili kamili."

"Kona."

"Kumi na mbili kamili."

Ikaendelea hivyo mara kumi. Ya kumi na moja ilipokaa, Ambakisye aliitazama mizani muda mrefu kuliko nyingine. Kumi na moja nukta tatu saba. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye sanduku, ukasimama, ukarudi juu ya goti.

Yunisi aliwageukia watu. Aliwaeleza E ni tano, pembetatu ni nne, kona ni tatu. Akauliza kama kuna mtu hapo aliyewahi kuona sarafu ya mia mbili na ya hamsini zinalingana uzito. Mjomba mmoja akasema hata kipofu anazitofautisha mfukoni.

"Basi ni za bandia," Ambakisye alisema, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilihofia hivyo. Mdogo wako alikuwa na moyo mweupe. Na aliyempeleka Nakonde tunaye hapa, amekaa."

Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja. Vijana watatu waliinuka pamoja, na Mama Roda akaenda nyuma ya nyumba. Deus hakukimbia. Aliweka mikono juu ya kichwa kama mtu anayenyeshewa.

"Kaeni kwanza," Yunisi alisema. Alivua hereni yake ya sikio la kulia akaiweka kwenye mizani. "Mzee, nipimie na hii. Nataka kuiuza."

"Leo, dada? Msibani?"

"Chakula cha watu hawa kimenimaliza. Au mizani yako inachagua siku?"

Watu walicheka kidogo, na Ambakisye hakuweza kukataa mbele yao. Hereni ilisoma mbili nukta moja nne. Alisema kwa mazoea, bila kufikiri, kwamba hiki kinachozidi juu ya pointi yeye hakipendi. Akatoa tupa. Akaisugua hereni mara tatu, akapima, akasugua mara moja, mizani ikasimama kwenye mbili nukta moja kamili. Unga wa dhahabu akaukunja kwenye karatasi akampa Yunisi kwa heshima.

Yunisi hakuupokea. Aliichukua hereni na moja ya zile sarafu kumi, akatoa lenzi mfukoni, akampa mama yake ambaye alikuwa ameshatokea kwenye kona ya nyumba, dumu mkononi.

"Mama, tazama pale alipokwangua. Halafu tazama huku."

Mama Roda aliweka dumu chini. Alitazama hereni. Alitazama sarafu. Akarudi kwenye hereni.

"Kuna pengo," alisema. "Huku lipo, na huku lipo."

Lenzi ilipita kwa wajomba, ikapita kwa vijana watatu, ikamfikia Deus, naye akatazama mara mbili. Ambakisye alikuwa amesimama. Alisema tupa zinauzwa kila mahali, hata Tunduma zimejaa barabarani.

"Tupa zinauzwa," Yunisi alisema. "Pengo haliuzwi. Hilo ni la kwako. Na hiyo tabia ya kumi na mbili kamili ni ya kwako pia. Mwizi mwingine angeziacha zipishane, angetuponyoka. Wewe hukuweza."

Gwamaka alimshika mkono wenye tupa akajitambulisha. Ambakisye hakumtazama. Alimtazama Mama Roda, na akasema jambo ambalo Gwamaka aliliandika neno kwa neno.

"Nilidhani atazitunza tu ndani. Wenzake wote wanazitunza."

"Wenzake wangapi?" Yunisi aliuliza.

Kwenye mabenchi wanaume wawili, mmoja shemasi na mwingine mwenye lori, waliingiza mikono mifukoni kwa wakati mmoja, kama watu wanaohakikisha kitu bado kipo.

Hapo uwanja ulichafuka. Wale vijana watatu hawakuwa wamekaa vizuri, wakaja mbele, na nyuma yao wengine, na mtu akasukuma dumu kwa mguu mpaka likafika penye viatu vya Ambakisye. Gwamaka alikuwa peke yake, na gari liliachwa barabarani. Alimwangalia Yunisi amsaidie. Yunisi alikuwa anavaa hereni yake. Aliivaa taratibu, akaangalia pembeni. Ndugu yake alikufa kwenye ngazi ya duka la watu, na huyu alimbeba upande wa kichwa.

Mama Roda ndiye aliyeinua mkono. Alikwenda akasimama kati ya vijana na Ambakisye, karibu naye kabisa, ikabidi ainue uso kumtazama maana ni mfupi.

"Mimi sitaki ufe," alimwambia. "Ukifa watakuimbia, watasema ulikuwa mtu wa haki ukateleza. Nataka uishi. Nataka uishi sana. Kila siku ya kutazama wafungwa nitakuja, nitakaa mbele yako, sitakuletea hata chumvi. Nitakusomea. Kumi na mbili kamili. Kumi na mbili kamili. Mara kumi, halafu nitarudi nyumbani. Na wiki inayofuata nitakuja tena. Mimi bado nina nguvu, nimelima kahawa."

Ambakisye alikaa chini, kwenye vumbi, pale pale. Akalia, mara ya kwanza tangu uwanja ujae, na safari hii hakuna aliyemshika bega.

Mama Roda aliinua dumu. Alimpa Gwamaka.

"Itieni kwenye gari lenu," alisema. "Lisije likakosa mafuta njiani mkamrudisha."

Huko Saza polisi walikuta kalibu ya udongo chini ya kitanda chake, na herufi mbili za chuma, pembetatu na kona. Kuhusu ile sarafu moja ya kweli, alikiri kwamba alipewa na mgeni mmoja kama zawadi. Daktari Loisi aliithibitisha: asaria tano, shomoro kumi. Shamba halikurudi, maana hati yake ilikuwa na jina la Enoka na aliyelinunua alilinunua kihalali, na kahawa yake msimu huo ilizaa kupita kiasi.

Jumatatu Mama Roda alirudi kwenye mashine ya kusaga na ndoo yake. Kabla ya kupanga foleni alibandika karatasi ukutani, aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa darasa la saba:

Usinunue kitu kwa mtu anayekuambia usimwambie mkeo wala mama yako.

Usipimiwe na yule yule anayekuuzia.

Usikubali hela za kale zenye namba tofauti na uzito mmoja.

Usiite dinari kitu cha shaba.

Usidhani herufi uliyoiona ni ya jina lako.

Usiuze kahawa iliyoko shambani kwa kitu kilichoko kwenye soksi.

Ukishadanganywa usikitunze ndani kwa aibu. Kilete.

Usinunue petroli kwa maneno ya hapa kwenye mashine. Mimi niliinunua kwa ajili ya Deus, na Deus hakuwa na kosa.

Usimpe mtu kichwa cha jeneza kwa sababu analia kuliko ndugu.